Mganga ananinyooshea kidole mimi, mimi nawashuku nguruwe wa shemeji

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Nina kibanda cha kitimoto katika mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori na vijana wa bodaboda. Huu ni mwaka wa sita. Kibanda hiki ndicho kilichotupatia bati la nyumba na ada za watoto, maana mume wangu ni fundi ujenzi na kazi zake ni za msimu.

Mtaji nilipewa na shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye yuko kijijini na anafuga nguruwe. Alinipa wawili bila masharti, akasema, "Shemeji, anza, utanilipa ukisimama." Nilishamlipa, lakini tangu siku ile nguruwe wangu wote natoa kwake. Alinipa hata mwanawe wa pili, kijana wa miaka 20, anisaidie. Anaishi kwetu. Kibandani anachoma na kukatakata kachumbari, na jioni nikirudi nimechoka yeye ndiye anayetupikia nyumbani. Ni mtoto mzuri, sina baya la kusema juu yake.

Tatizo lilianza mwezi wa tatu. Nilipasua paja nikaona vipunje vyeupe ndani ya nyama, mfano wa mchele uliolowa maji. Siku za nyuma nilikwishakutana nacho kimojakimoja nikakitoa kwa ncha ya kisu. Safari hii vilijaa. Nikampigia shemeji, akacheka. Akasema hivyo vipo siku zote, wazee wamekula mpaka wakazeeka, kaanga vizuri vitapasuka kwenye mafuta na hakuna atakayejua. Nikakaanga. Mama, sitakudanganya, niliuza. Usiku ule sikulala.

Wiki iliyofuata nikamuuliza binti wa jirani anayesomea mifugo. Akanieleza kuwa vile ni tegu, aina ya mnyoo, na kwamba tegu akifika kichwani kwa binadamu analeta kifafa. Hapo miguu iliniisha nguvu, kwa sababu nyumbani kwangu kuna mtu anaanguka.

Ni wifi yangu, kitinda mimba wao, ana miaka 19. Alikuja kwetu miaka minne iliyopita ili asome sekondari. Septemba iliyopita alikuwa anaosha vyombo, akaanguka, akakakamaa, akatoa povu. Tangu hapo ameanguka mara saba. Mara moja aliangukia jiko la mkaa, mkono wa kulia una kovu mpaka kwenye kiwiko. Shuleni wakamrudisha nyumbani "mpaka apone." Mama mkwe alipokuja kumwona alimtengea sahani yake na kikombe chake, akasema lile povu linaambukiza. Na mimi, naona aibu kuandika, mama mkwe alipoondoka niliendelea hivyohivyo, kwa ajili ya watoto wangu.

Mume wangu amempeleka kwa mganga mara mbili, zimekwenda laki nne. Mganga alisema mbaya wake yumo ndani, ni mwanamke, na riziki yake iko kwenye moto. Katika nyumba ile nani mwingine anaishi kwa moto? Mume wangu hajanitamkia kitu, lakini siku hizi hali chakula nilichopika mwenyewe mpaka aone watoto wamekula kwanza.

Nilijaribu kumweleza habari za tegu. Akaniuliza swali moja tu: "Wifi yako ni Msabato tangu ana miaka 13, hiyo nyama hajawahi kuigusa. Tegu ameingiaje?" Nikakosa jibu. Ni kweli, hata sufuria ya kitimoto haoshi. Kama ni nyama, ingekuwa mimi, maana ndiye ninayeonjaonja chumvi kutwa nzima. Au yule kijana, ambaye mwaka jana aliniambia anatoa vipande vyeupe bapa kama tambi akienda chooni, nikamnunulia dawa ya minyoo duka la dawa, akasema vimekwisha.

Sasa nisaidie. Niache kununua nguruwe wa shemeji? Nikiacha nimemtukana mtu aliyenishika mkono, na mume wangu ataona natafuta pa kutupia lawama ili nijisafishe. Nikiendelea, kila nikishika kisu mkono unatetemeka. Nimwendee afisa mifugo? Au ninyamaze, nikaange sana, tuzidi kumwombea wifi? Nimechoka kuwa mtuhumiwa huku nina siri ya kwangu.

Jina langu usiliandike.

Mama wa kibandani, Mkoa wa Songwe

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Wewe umeuliza juu ya nguruwe. Kalamu yangu imepiga mstari kwingine: kwenye kile kikombe kilichotengwa, na kwenye ile sentensi yako moja fupi juu ya kijana na vipande vyake vya tambi. Nitafika huko.

Kwanza nikurudishie nilichokielewa. Una mgonjwa ndani ya nyumba ambaye bado hajaonwa na daktari. Una nyama uliyoitilia shaka ukaiuza. Una deni la fadhila kwa shemeji, na fadhila ni ngumu kulipa kuliko pesa. Na una mume anayekutazama kwa jicho la mganga. Mambo haya manne umeyafunga fundo moja, kiasi kwamba unaona ukivuta uzi wa nguruwe, ndoa nayo inakuja. Mimi naona yanaweza kufunguliwa moja moja, na si lazima kuanzia kwa nguruwe.

Tuanze na swali la mume wako, maana ni swali zuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Msabato asiyegusa nguruwe apate wapi tegu wa nguruwe?

Tegu ana safari mbili, na watu wengi tunaijua moja tu. Safari ya kwanza ndiyo ya nyama. Ndani ya kila kipunje ulichokiona kuna mtoto wa tegu aliyejikunyata kwenye kifuko cha maji. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, yule mtoto anajishika kwenye utumbo, na kwa kama miezi miwili anakuwa utepe mrefu, mita mbili hadi saba. Mwenye naye mara nyingi hasikii kitu. Anashiba, anafanya kazi, ila siku moja moja anaona vipande vyeupe bapa kwenye choo. Hizo ni pingili za tegu, na pingili moja inaweza kubeba mayai 50,000. Mtu huyu ana tegu tumboni. Tegu wa tumboni peke yake haleti kifafa.

Safari ya pili ni ya mayai, na hii haihitaji nyama kabisa. Mayai hayaonekani kwa macho. Yanatoka na choo kubwa, yanabaki chini ya kucha, yanaingia kwenye maji, yanashika kwenye nyanya na vitunguu. Akiyameza nguruwe, yanapasuka tumboni mwake, watoto wa tegu wanapita kwenye damu na kutulia katika nyama yake kama vipunje. Akiyameza mtu, yanafanya vilevile. Yanakwenda kwenye misuli, kwenye jicho, na kwenye ubongo. Kifuko cha tegu kikikaa ndani ya ubongo, hasa kinapoanza kufa na ubongo ukavimba kukizunguka, mtu anaweza kuanguka.

Kwa hiyo Usabato wa wifi yako unamkinga na safari ya kwanza. Ya pili haina habari na dini ya mtu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa New York, Wayahudi wa dhehebu lenye msimamo mkali ambao nguruwe ni mwiko kwao tangu kuzaliwa. Walikuwa wameanza kuanguka, na vichwani mwao vikakutwa vifuko vya tegu wa nguruwe. Walipochunguza wakawatazama wasaidizi wa kazi za nyumbani, waliotoka nchi ambazo tegu huyu yupo, na mmoja wao akakutwa naye. Pengine hadithi hii unaweza kumsimulia mume wako siku ametulia, bila kuongeza neno lako.

Najua akili yako imekwishakimbilia wapi. Kaa kwanza, usimwite yule kijana.

Inawezekana ana tegu, au alikuwa naye. Vipande vyeupe bapa ni dalili inayotosha kumpeleka kupimwa. Lakini tegu wa ng'ombe naye hutoa vipande vya namna ileile, na huyo hapeleki vifuko kichwani mwa mtu. Na wewe, unayeonjaonja chumvi kutwa nzima, unaonja nyama ikiwa imeiva au ikiwa bado nyekundu ndani? Sikulaumu, nakuuliza, maana umeniandikia mwenyewe. Mume wako je, hali mishkaki pale kibandani? Tena tangu mtu ameze mayai mpaka aanguke mara ya kwanza inaweza kupita miaka. Kama kweli wifi ana vifuko kichwani, huenda aliyameza akiwa mtoto kijijini, kabla hujaweka meza yako ya kwanza barabarani. Hakuna daktari atakayekuambia yai lile lilitoka mkononi mwa nani. Ukiingia nyumbani na jina la kijana mdomoni utakuwa umefanya alichokufanyia mganga.

Tena hatujui kama ni tegu. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu anahusika na kama asilimia 30 ya watu wenye kifafa. Ni wengi mno, lakini geuza hesabu uone: waliobaki wana sababu nyingine. Malaria iliyopanda kichwani utotoni, kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, na wengine sababu haijulikani. Kule Mahenge, Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa miaka ya 1960, watafiti wamekuwa wakikihusisha na mdudu mwingine kabisa, yule wa usubi, ugonjwa wa macho na ngozi, anayeletwa na inzi wadogo wa mito iendayo kasi. Hapo pia watu walikuwa wakitengewa vyombo. Kwa hiyo usiubebe huu mzigo wa "nguruwe wangu ndio waliomuua wifi" kabla hajapimwa. Na hajafa. Ana miaka 19.

Jambo moja limenishangaza. Katika barua yote sijamsikia wifi akisema neno. Nimemsikia mume, mama mkwe, mganga, shemeji, hata mwalimu. Ni mtu mzima. Ameulizwa anataka nini? Ameulizwa kama kichwa kinamuuma, kama anahisi dalili kabla ya kuanguka, kama kuna vinundu vidogo vigumu anavigusa chini ya ngozi? Vinundu hivyo vikiwepo daktari angependa kujua. Keti naye mkiwa wawili. Mtu aliyerudishwa nyumbani kutoka shule, akatengewa sahani na kuzungushwa kwa waganga huenda ana mengi aliyoyanyamazia kuliko wewe.

Sasa hospitali. Unaogopa kwamba ukisema "twende hospitali" mume ataona unakwepa tuhuma. Inaweza kuwa hivyo. Lakini tazama namna unavyoanza. Ukianza na "ni tegu, ni nguruwe wa kaka yako," umemwekea mashtaka mezani, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea. Ukianza na "huyu mtoto asiungue tena," unazungumzia kovu ambalo wote mnaliona. Wala huhitaji kumshinda mganga. Wapo wengi wanaokunywa dawa za kifafa asubuhi na kwenda kwenye maombi jioni, na mchungaji mwenye busara hawazuii. Kama mama mkwe anamsikiliza mzee fulani wa kanisa la wifi, huenda huyo ndiye wa kulianzisha jambo hili badala yako.

Ukifanikiwa, mambo yako hivi. Dawa za kawaida za kifafa, kama fenobabitoni, ni za bei nafuu na kliniki nyingi za wilaya wanazo. Kama saba kati ya kumi ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na wasiikatishe. Hiyo inaweza kuanza hata kabla ya kujua chanzo. Ili kujua kama kuna vifuko kichwani inatakiwa picha ya CT au MRI, na hiyo ni safari ya hospitali kubwa, kwenu huko nadhani mngeanzia hospitali ya rufaa Mbeya. Ni gharama. Ulizeni bei kabla, ulizeni bima, ulizeni ustawi wa jamii wa hospitali. Sitaki kukuambia ni rahisi. Ila laki nne zilikwishapatikana mara moja.

Hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Usimpe wifi dawa ya minyoo ya dukani kwa kujaribu. Albendazoli, na ile prazikwanteli wanayogawiwa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, zikivifikia vifuko vilivyo kichwani zinaweza kuvifanya vivimbe kwa ghafla, na mgonjwa akaanguka vibaya zaidi. Hospitalini wanampa pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, wanamwangalia, na wakati mwingine hawampi kabisa, kwa sababu vifuko vikiwa vimekwishakufa na kugeuka chokaa hakuna cha kuua tena.

Kwa yule kijana ni kinyume. Yeye dawa inamhusu, ila ile uliyomnunulia huenda haikumaliza kazi. Kidonge kimoja cha kutafuna cha albendazoli hakimwondoi tegu kwa uhakika. Vipande vinaweza kupotea kwa wiki kadhaa, kumbe kichwa chake kidogo kimebaki kimeshika utumbo na anaota upya. Dawa zake ni niklosamaidi au prazikwanteli kwa kipimo cha daktari, na daktari aambiwe kama anaumwa kichwa au amewahi kuanguka. Kipimo cha choo nacho si hakimu. Mayai hayatoki kila siku, na yakionekana kwenye darubini, ya tegu wa nguruwe na wa ng'ombe yanafanana. Wakati mwingine inabidi kupeleka choo zaidi ya mara moja.

Njia isiyomnyooshea kidole kijana ni nyote mnaoshika chakula kwenda siku moja: wewe, yeye, na mume kama atakubali. Mwambie unataka kila anayefanya kazi kibandani apimwe, kuanzia mwenye kibanda. Hilo ni kweli, na ungepaswa kulifanya hata kama wifi angekuwa mzima.

Rudi sasa kwenye kikombe. Povu la kifafa haliambukizi. Ni mate. Ulimtengea kwa kuwaogopea watoto, na mama gani asiyeogopa, lakini hofu ilikwenda kwenye mlango usio wake. Kama kuna hatari katika nyumba yenu inaingia kwa mikono isiyooshwa baada ya choo, na kwa mboga mbichi. Akianguka tena, mlaze ubavu, ondoa jiko na vyenye ncha, weka kitu laini chini ya kichwa, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko mdomoni. Hesabu dakika. Zikipita tano bila kutulia, tafuteni usafiri. Na jiko la mkaa liinuliwe kutoka chini, au apike mwingine mpaka dawa zimshike.

Kuhusu kuuza. Umeniungamia nami nakujibu kwa ukweli. Nyama iliyoiva hadi ndani, isiyo na wekundu popote, tegu wake amekufa, kwa hiyo inawezekana kabisa hukumdhuru mtu siku ile. Lakini unajua mwenyewe jioni kibanda kinavyojaa, dereva anapiga honi, na mshikaki mnene unatoka umeungua nje na ndani bado. Kutegemea moto peke yake ni kutegemea kwamba hutakuwa na haraka hata siku moja. Wapo wanaoichemsha kwanza mpaka iive ndipo wakaange, na hao wana nafasi nzuri zaidi. Friza nayo inasaidia ikiwa kali kweli, nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku tatu, si ile inayozimika umeme ukikatika. Nyama yenye vipunje vilivyojaa vile haikupaswa kufika mezani kwako. Mkaguzi angeikataa kabla ya muhuri. Je, nguruwe wa shemeji wanakaguliwa? Hukusema.

Na kachumbari. Wateja wako watauliza habari ya nyama, hakuna atakayeuliza habari ya kachumbari, nayo haipiti motoni. Usitegemee ndimu kuua mayai ya tegu. Kuna maji yanayotiririka na sabuni karibu na choo chenu cha kibandani? Nyanya zinaoshwa kwa maji ya wapi? Hili uko nalo mikononi kuanzia kesho, na halihitaji ruhusa ya shemeji wala ya mume.

Haya, shemeji. Naona njia kama tatu na hakuna iliyo laini.

Unaweza kuacha ghafla kununua kwake. Mkono wako utaacha kutetemeka, lakini yeye atawauza kwa kibanda cha jirani, vipunje vitaliwa na mtu mwingine, na wewe utakuwa umepoteza ndugu. Atajiuliza kosa lake ni nini, na jibu atalisikia kwa watu.

Unaweza kwenda kwa afisa mifugo. Ni haki yako, na kwa namna fulani ni wajibu wa mwenye biashara ya chakula. Lakini kuna kwenda kumshtaki mtu, na kuna kwenda kuomba afisa aje kijijini kuwafundisha wafugaji wote. La pili halina jina la mtu. Nguruwe wakikutwa wana vipunje wakateketezwa, huenda shemeji asifidiwe, na lazima uwe tayari kumtazama usoni baada ya hapo.

Au unaweza kuzungumza naye kama mfanyabiashara na mfanyabiashara. Watu wa kwenu wengi huwafungia nguruwe msimu wa mazao, wakishavuna wanawaachia wazurure, kwa sababu pumba zina bei na mbao za banda zina bei. Shemeji si mwovu, anapiga hesabu kama wewe. Nguruwe akizurura anakula kinyesi cha watu vichakani, na hapo ndipo anapoyapata mayai. Maana yake ni kwamba vipunje vya nguruwe wake ni habari za choo cha kijiji kuliko za nguruwe. Unaweza kumwambia utachukua waliofungwa bandani mwaka mzima na wenye muhuri, na kuwaongezea kidogo bei. Hata kumkopesha mbao, kama alivyokukopesha nguruwe. Afisa mifugo anaweza kumweleza kuhusu oksifendazoli, dawa ya nguruwe inayoua vifuko, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kumtazama nguruwe chini ya ulimi ni jambo wafugaji wanalijua, lakini anayeonekana kwa ulimi ni yule aliyejaa. Mwenye vichache atakupita. Hatari ya njia hii ni kwamba inachukua muda, na shemeji anaweza kucheka tena kama alivyocheka kwenye simu. Wakati ukisubiri, utachinja wa nani?

Ni wewe unayejua shemeji ni mtu wa namna gani, na kama mume wako ni bora ajue kabla au baada. Mimi ningetamani ajue kabla, kwa sababu siri mbili ndani ya nyumba yenye mganga ni nyingi mno. Lakini silali pale kwenu.

Kama mtafika kliniki, kijana au wewe mrekodi wifi kwa simu atakapoanguka, kama mwenyewe ameridhia, halafu mwonyeshe daktari. Inamsaidia kuliko maelezo ya watu watatu wanaobishana. Andika tarehe za zile mara saba. Na mpe yeye mwenyewe aingie chumba cha daktari na kusema kwa mdomo wake, wewe ukae kwenye benchi nje. Kisha niandikie alichosema.